Chanjo za Safari za Nje: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo tunayoulizwa kila siku na wanaokuja kuchanjwa kabla ya kusafiri nje ya nchi. Wengi hufika tiketi ikiwa mkononi na siku zikiwa zimebaki chache, kwa hiyo tunaanza na swali lao.

Nasafiri wiki ijayo. Bado ninaweza kuchanjwa homa ya manjano?

Kuchanjwa unaweza, hata leo. Kinachogomba ni cheti, yaani ile kadi ya njano. Kanuni za Afya za Kimataifa zinasema cheti cha homa ya manjano huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano. Ukichanjwa tarehe 3, cheti kinaanza kazi tarehe 13. Ukisimama mbele ya kaunta ya shirika la ndege tarehe 9, kadi yako ina saini, ina muhuri, wino umekauka vizuri, na bado haikusaidii kitu. Tumewaona watu wazima wakibubujikwa na machozi kwa sababu ya siku nne tu, na hatukuwa na la kuwasaidia, maana tarehe ya sindano hairudishwi nyuma.

Siku hizo 10 hazikuwekwa kwa matakwa ya mtu. Mwili unahitaji muda wa kujenga kinga. Ndani ya siku 10, kati ya asilimia 80 na 100 ya waliochanjwa huwa wameshapata kinga ya kutosha, na ndani ya siku 30 hufikia zaidi ya asilimia 99.

Ukiweza, njoo wiki nne hadi nane kabla ya safari. Chanjo kama ya homa ya ini B au ya kichaa cha mbwa huhitaji dozi zaidi ya moja zenye nafasi kati yake. Lakini hata kama zimebaki siku tatu, usiseme basi tena, njoo. Dozi moja ya homa ya ini A, kwa mfano, humsaidia mtu mwenye afya njema hata akichanjwa karibu kabisa na kuondoka.

Chanjo ya lazima ni ipi hasa?

Hapa watu wengi huchanganyikiwa, kwa sababu orodha wanazopewa huchanganya kila kitu pamoja. Kuna chanjo ambayo usipokuwa nayo unarudishwa, na kuna chanjo ambayo hakuna atakayekuuliza lakini usipokuwa nayo unaweza kuugua.

Katika Kanuni za Afya za Kimataifa, ugonjwa uliotajwa kwa jina kwamba nchi inaweza kumdai msafiri uthibitisho wa chanjo yake ni mmoja, homa ya manjano. Zaidi ya huo, Shirika la Afya Duniani (WHO) linaweza kutoa mapendekezo ya muda wakati wa dharura, kama lilivyofanya kwa polio. Na nchi yenyewe inaweza kuweka sharti lake, kama Saudi Arabia inavyodai chanjo ya homa ya uti wa mgongo kwa mahujaji. Nyingine zote, kama homa ya matumbo, homa ya ini A na B, kichaa cha mbwa na pepopunda, ni za kukulinda wewe, na uamuzi hutegemea unakwenda wapi, utakaa muda gani na utafanya nini huko.

Masharti hubadilika, wakati mwingine ndani ya siku chache mlipuko unapotokea. Waulize ubalozi wa nchi unayokwenda na shirika lako la ndege, na uulize tena katika wiki ya mwisho.

Ninakokwenda hakuna homa ya manjano. Kwa nini wananidai kadi?

Hili ndilo swali tunalolipenda kuliko yote, kwa sababu jibu lake linaeleza mfumo mzima.

Homa ya manjano huenezwa na mbu. Mijini anayeieneza ni Aedes aegypti, mbu mweusi mwenye mistari myeupe miguuni, anayeuma mchana na kuzaliana kwenye ndoo, matairi na vyungu vya maua. Mbu huyo yuko sehemu nyingi za dunia ambako virusi vyenyewe havipo. Asia ina Aedes wengi na ina mamilioni ya watu wasio na kinga, lakini ugonjwa huo haujawahi kuweka makazi huko. Nchi ya namna hiyo haikudai kadi kwa sababu ya kukuhofia wewe kuugua. Inahofia siku chache ambazo virusi vinazunguka katika damu yako, ambapo mbu akikuuma anaondoka navyo. Unaweza kushuka kwenye ndege ukiwa mzima kabisa, kwa sababu dalili huanza siku 3 hadi 6 baada ya kuambukizwa. Hakuna kipimajoto cha uwanjani kitakachokugundua.

Hofu hiyo ilitimia mwaka 2016. Mlipuko ulioanza Luanda, Angola, mwishoni mwa 2015 ulisambaa hadi Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na wasafiri wakaubeba kwenda mbali. Kenya ilipata wagonjwa wawili waliotoka Angola. China ilipata 11, wote wakiwa watu waliorudi kutoka kazini Angola, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza ugonjwa huo kuthibitishwa barani Asia. Haukuenea huko. Lakini tunapomwona ofisa wa afya wa mpakani akigeuza kadi huku na huku kama mtu anayekagua noti, tunamwelewa.

Ugonjwa wenyewe si wa kufanyia majaribio. Wengi hupona baada ya siku chache za homa na maumivu, ila wachache huingia awamu ya pili: macho hugeuka manjano, figo na ini hushindwa kazi, damu huanza kutoka. Nusu ya wanaofikia hapo hufa ndani ya siku 7 hadi 10. Hakuna dawa ya kuua virusi hivyo. Kuna chanjo tu.

Je, sharti linafuata uraia wangu?

Hapana. Linafuata njia uliyopita. Pasipoti yako inaweza kuwa ya nchi isiyojua kabisa homa ya manjano, lakini kama juzi ulikuwa nchi yenye hatari hiyo, utadaiwa kadi. Kinachowanasa wengi ni kuunganisha ndege. Nchi nyingi humhesabu kuwa ametoka kwenye hatari hata mtu aliyekaa zaidi ya saa 12 katika uwanja wa ndege wa nchi yenye ugonjwa, bila kutoka nje ya jengo. Ndege ikichelewa na saa 7 zikageuka kuwa 15, hesabu imebadilika na wewe hujui. Ukija kwetu, leta ratiba nzima ya safari, kituo kwa kituo, pamoja na ya kurudi.

Ziko pia nchi zinazodai kadi kwa kila anayeingia, atoke popote. Ghana, Uganda, Kamerun na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni miongoni mwa nchi hizo.

Kadi ya njano inatakiwa ijazwe vipi?

Tafadhali ikague kabla hujainuka kwenye kiti, mkono ukiwa bado na pamba. Kosa likionekana hapo linarekebishwa kwa dakika moja. Likionekana mpakani limekula kwako.

Juu kabisa, jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Kama pasipoti ina majina matatu, kadi isiwe na mawili. Halafu tarehe ya kuzaliwa, jinsia, uraia, namba ya hati ya utambulisho, na saini yako mwenyewe. Mtoto asiyeweza kuandika husainiwa na mzazi au mlezi. Chini yake kuna jedwali: jina la ugonjwa, tarehe ya chanjo, saini na cheo cha mtaalamu aliyesimamia, mtengenezaji wa chanjo na namba ya toleo lake, tarehe ambayo cheti kinaanza kutambulika na kinapoishia, na mwisho muhuri rasmi wa kituo. Mwezi katika tarehe uandikwe kwa maneno, kwa sababu 05/06 mmoja ataisoma Juni 5 na mwingine Mei 6. Saini ya mtaalamu iwe ya mkono, muhuri peke yake hautoshi. Kadi hujazwa kwa Kiingereza au Kifaransa, na lugha nyingine inaweza kuongezwa.

Usifute, usipake wino mweupe, usiongeze neno hata kama unajua limekosewa. Kadi iliyofutwafutwa inaweza kukataliwa yote.

Jambo moja zaidi: si kila zahanati inaweza kuitoa. Kituo kinapaswa kuwa kimeteuliwa na serikali kuchanja homa ya manjano, na chanjo yenyewe iwe imeidhinishwa na WHO.

Kadi yangu imeandikwa miaka 10 na imeshapita. Nichanjwe tena?

Kwa ajili ya cheti, hapana. Tangu Julai 11, 2016, cheti cha homa ya manjano kinatambulika kwa maisha yote ya aliyechanjwa, na hilo linahusu hata kadi zilizotolewa zamani. Nchi hairuhusiwi kukukataa kwa sababu tu kadi imevuka miaka 10. Usiiandike upya tarehe ya mwisho, iache ilivyo.

Wachache daktari anaweza kuwashauri wachanjwe tena kwa ajili ya kinga yao, kwa mfano aliyechanjwa akiwa mjamzito au anayeishi na VVU.

Kadi imepotea.

Rudi kituo ulichochanjwa. Kikiwa na kumbukumbu yako kwenye rejesta, kitakutolea nyingine. Kumbukumbu isipopatikana, utachanjwa upya, na kwa mtu mwenye afya ya kuchanjwa kurudia hakuna madhara, ila siku 10 zinaanza kuhesabiwa upya. Ipige picha kadi yako leo, ukurasa wa jina na ukurasa wa jedwali. Picha haichukui nafasi ya kadi, lakini ina tarehe na namba ya toleo, na kwa hizo karani anaipata rejesta upesi.

Nani hapaswi kuchanjwa homa ya manjano?

Chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa, vinavyokuzwa kwenye mayai ya kuku yenye kiini cha kifaranga. Kutokana na hilo, hapewi mtoto wa chini ya miezi 6, mwenye mzio mkali wa mayai, mwenye ugonjwa wa thaimasi (tezi ya kinga iliyo kifuani), wala mtu ambaye kinga ya mwili imeshuka sana, kwa mfano anayepata matibabu ya saratani au aliyepandikizwa kiungo. Anayeishi na VVU anaweza kuchanjwa kama kinga yake iko vizuri. Seli za CD4, yaani chembe za kinga zinazopimwa kwenye damu, zikiwa chini ya 200, hachanjwi. Njoo na majibu yako ya karibuni na utuambie bila kificho. Tunachotafuta ni usalama wako, na unachotuambia kinabaki kwetu.

Mwenye umri wa miaka 60 au zaidi anayechanjwa kwa mara ya kwanza tunakaa naye chini na kuzungumza zaidi, kwa sababu madhara makali, ingawa ni nadra sana, huongezeka kidogo katika umri huo. Kama safari inampeleka mahali penye mlipuko, chanjo ina faida kubwa kuliko hatari. Kama anapita tu na kadi ni ya kutimiza sharti, pengine barua ya daktari ni bora.

Mjamzito, na mama anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi 9, kwa kawaida hushauriwa kusubiri au kuahirisha safari. Kama safari haiepukiki na ugonjwa uko huko, huchanjwa baada ya kupima faida na hatari.

Barua ya daktari inakubaliwa?

Mara nyingi, ndiyo. Ni barua ya kueleza kwamba kuchanjwa kungeleta hatari kwa afya yako, iliyoandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa, yenye saini na muhuri. Lakini kubali jambo hili kabla hujaondoka: nchi unayokwenda bado inaweza kukuweka chini ya uangalizi, na barua haimzuii mbu. Vaa nguo za mikono mirefu mchana, paka dawa ya kufukuza mbu, na kama mlipuko umeshika kasi, tunakusihi usiende.

Watoto je?

Kila mtoto na kadi yake. Nchi nyingi huanza kudai kuanzia miezi 9, nyingine mwaka 1. Tuliwahi kumhudumia baba wa watoto watatu aliyekuwa na kadi nne zilizojazwa vizuri kabisa, yake, ya mkewe na za watoto wakubwa wawili. Mdogo alikuwa na miezi 8 walipokuja kuchanjwa, kwa hiyo hakupewa kitu. Siku ya safari alikuwa ametimiza 10. Umri unaohesabiwa ni wa siku ya kuvuka mpaka.

Kwa Hija na Umra ninahitaji nini?

Chanjo ya homa ya uti wa mgongo inayokinga aina nne za bakteria: A, C, W na Y. Sharti linamhusu kila mwenye umri wa mwaka 1 na kuendelea, na chanjo iwe imetolewa angalau siku 10 kabla ya kufika. Aina ya zamani, polisakaridi, hutambulika kwa miaka 3. Aina ya konjugeti hutambulika kwa miaka 5, lakini ni lazima kadi ionyeshe wazi kwamba ni konjugeti, vinginevyo utahesabiwa miaka 3.

Asili ya sharti hili ni misiba. Mwaka 1987 mlipuko wa aina A uliwapata mahujaji. Chanjo ya A na C ikawa ya lazima. Mwaka 2000 ikaja aina W, ambayo chanjo ile haikuizuia, na wagonjwa zaidi ya 400 wakaripotiwa, mahujaji pamoja na jamaa zao nyumbani. Fikiria hilo: bakteria hawa hukaa kooni kwa mtu asiyehisi chochote. Mtu amekamilisha ibada, amerudi salama, wajukuu wanamkimbilia kumkumbatia, na hapo ndipo anapowaambukiza. Mlipuko ukajirudia 2001, na baada ya hapo chanjo ya aina nne ikawekwa kuwa sharti. Wazee wetu wanapouliza kwa nini wachomwe tena wakati walichomwa safari iliyopita, tunawaambia habari ya wajukuu.

Na polio? Mimi ni mtu mzima.

Mtu mzima anaweza kubeba virusi vya polio tumboni bila dalili yoyote na kuvipeleka kwa watoto wa nchi nyingine. Mei 5, 2014, WHO ilitangaza polio kuwa dharura ya kimataifa, na tangu hapo wakazi wa nchi zenye maambukizi, pamoja na wageni waliokaa humo zaidi ya wiki nne, wanaweza kutakiwa kuchanjwa kabla ya kutoka. Sindano au matone yawe yametolewa kati ya wiki 4 na miezi 12 kabla ya safari. Huandikwa kwenye kadi ileile ya njano.

Kipindupindu na ndui bado vinadaiwa?

Hapana. Sharti la kipindupindu liliondolewa kwenye kanuni mwaka 1973, kwa kuwa chanjo ya wakati ule haikuzuia ugonjwa kuvuka mipaka. Ndui imekwisha duniani. Mtu wa mwisho kuugua ndui kwa njia ya asili alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia, Oktoba 1977. Alipona, na miaka mingi baadaye akajitolea kuhamasisha chanjo ya polio nchini kwake. Kadi za zamani zilikuwa na ukurasa mzima wa ndui. Ukiikuta moja kwenye sanduku la babu, itunze.

Na korona?

Nchi nyingi zimeondoa sharti hilo tangu WHO ilipotangaza mwisho wa dharura, Mei 5, 2023. Bado uliza unakokwenda, hasa kama ni safari ya kazi au ya masomo.

Mbona mnasisitiza surua wakati hakuna anayeidai mpakani?

Kwa sababu ndiyo inayosafiri kwa urahisi kuliko zote. Mgonjwa mmoja anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga, na virusi hubaki hewani hadi saa mbili baada ya yeye kuondoka chumbani. Ukumbi wa kusubiria ndege ni mahali pake hasa. Mtoto wa miezi 6 hadi 11 anayekwenda penye mlipuko anaweza kupewa dozi ya mapema, kisha akaendelea na dozi zake za kawaida. Chanjo ya surua na ya homa ya manjano zote ni hai, kwa hiyo zitolewe siku moja au zipishane angalau wiki nne. Hapo tena ndipo kuwahi kunapokuokoa.

Kuna mtu ananiuzia kadi bila sindano.

Usinunue. Tunasema hivi kwa moyo wote. Namba ya toleo inaweza kulinganishwa na rekodi, na ukigundulika safari imekwisha na kesi imeanza. Lakini hata usipogundulika, umeingia penye ugonjwa unaoua ukiwa na karatasi tu, na ukirudi na virusi, wa kwanza kuumwa na mbu aliyekuuma ni wa nyumbani mwako. Chanjo hii imetokana na kazi ya mwanasayansi Max Theiler ya miaka ya 1930, kazi iliyompa tuzo ya Nobel mwaka 1951, na dozi moja inakukinga maisha yote. Ukiwa unaogopa sindano, tuambie. Tutakulaza, tutazungumza nawe, hatutakucheka.

Nikifika bila cheti, nitafanywa nini?

Unaweza kurudishwa ulikotoka, kuchanjwa hapohapo, au kuwekwa karantini. Kwa homa ya manjano karantini haizidi siku 6 tangu siku ya mwisho uliyoweza kuambukizwa, au huisha cheti kinapoanza kutambulika, lolote litakalotangulia.

Kuna chanjo ya malaria kwa wasafiri?

Zilizopo zimelengwa kwa watoto wanaoishi penye malaria. Msafiri humeza vidonge vya kinga, hulala kwenye chandarua chenye dawa, na hupimwa haraka akipata homa.

Nimerudi na ninahisi homa. Nifanye nini?

Nenda hospitali siku hiyohiyo, na sentensi ya kwanza unayomwambia daktari iwe ya safari: nilikuwa nchi fulani, nimerudi tarehe fulani, nilipitia mahali fulani. Mpe kadi yako aione. Omba upimwe malaria hata kama ulimeza vidonge. Mpaka majibu yatoke, lala ndani ya chandarua hata mchana, ili mbu asikufikie na kubeba virusi kwenda kwa mwingine. Kama una kikohozi au vipele, vaa barakoa na upige simu kwanza, wakupokee kwa mlango mwingine usikae na watu kwenye foleni.